Kikaoni sote kimya, tukitoka kila mtu ana lake: je, mimi ni mwoga?

*"Nina miaka sita katika idara yenye watu tisa. Mwaka huu tuliletewa mkuu mpya. Si mkali, hagombezi mtu, ila mambo yake ni ya haraka. Alikuja na ratiba mpya ya zamu ambayo kila mmoja wetu aliona haitekelezeki, kwa sababu inamwacha mtu mmoja peke yake saa ambazo kazi ni nyingi kuliko zote. Aliisoma kikaoni, akauliza 'kuna mwenye swali?' Kimya. Akasema 'basi tumekubaliana', tukafunga. Hatujafika hata mlangoni, malalamiko yakaanza.*

*Kikao kilichofuata niliamua kusema. Nilipofungua mdomo tu, wenzangu wakainamia madaftari, mmoja akawa anapangusa kioo cha simu yake. Mkuu akaniuliza: 'Hili ni lako au ni la wote?' Nikakosa la kujibu. Baadaye wanne walinifuata, mmoja mmoja, kunipongeza: 'uliongea ukweli mtupu'. Tangu siku hiyo usiku wa kuamkia kikao sipati usingizi, na nikiingia kile chumba moyo unanienda mbio. Je, mimi ndiye mwoga, au wenzangu ni wanafiki? Niendelee kusema, ninyamaze kama wao, au niwaandikie wakubwa wa juu barua isiyo na jina?"*

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza unataka hukumu, nani mwoga na nani mnafiki. Pili unataka kujua la kufanya. Wengi wanaoniletea shauri la namna hii hutaka hukumu itolewe kwanza, na hukwama hapohapo miezi na miezi, wakiwapima wenzao na kujipima wenyewe. Naomba tuiweke hukumu kando kidogo, tukiangalie kilichotokea ndani ya kile chumba.

Rudi kwenye kiti chako siku ya kikao cha kwanza. Mkuu amemaliza kusoma ratiba, ameinua macho, ameuliza kama kuna swali. Wewe unalo. Mbona hukuliuliza? Nadhani ulitaka kwanza uone kama kuna mwingine atakayeanza. Labda ulihofia kuonekana mjuaji mbele ya bosi mgeni. Kwa vyovyote, kimya chako kilikuwa na sababu, na sababu hiyo haikuwa kuikubali ratiba. Sasa watazame wenzako wanane. Nao wamekaa kimya, nyuso zimetulia, mmoja anachezea kalamu. Dakika ile ulidhani wamenyamaza kwa nini? Watu wengi wakiulizwa hivyo hujibu: "Nilidhani wao wameielewa kuliko mimi," au "Nilidhani wao haiwasumbui." Kimya chako mwenyewe ulikijua kwamba ni hofu. Kimya chao ukakisoma kuwa ni ridhaa. Na kila mmoja wao alikuwa akipiga hesabu ileile, huku wewe ukiwa mmojawapo wa wale wenye nyuso zilizotulia.

Jambo hili wataalamu wamelijua siku nyingi. Daniel Katz na Floyd Allport walilieleza na kulipa jina huko Marekani mwaka 1931. Kwa maneno ya kawaida, ni kundi kudanganyana bila mtu yeyote kusema uongo. Kila mmoja ana wazo lake, kila mmoja analificha, na kila mmoja anaamini kwamba hao wengine hawana cha kuficha.

Kuna jaribio moja la mwaka 1987, la Dale Miller na Cathy McFarland, ambalo napenda kulisimulia kwa sababu linafanana mno na kikao chenu. Wanafunzi walipewa makala waisome kwa ajili ya mjadala, makala iliyoandikwa makusudi isieleweke. Wakaambiwa kwamba atakayeshindwa kabisa anaweza kumfuata mtafiti ofisini akasaidiwe. Hakuna aliyenyanyuka. Walipoulizwa, wakawakadiria wenzao kuwa wameelewa zaidi kuliko wao. Aibu iliyomzuia mtu kusimama aliiona kwake tu. Haikumpitia akilini kwamba hata wale wengine huenda wamefungwa na aibu hiyohiyo.

Nikiwa hapohapo, niseme kitu kuhusu lile swali la "kuna mwenye swali?" Nimeketi kama mtazamaji katika vikao vingi, na sijui swali jingine linaloua mjadala kuliko hilo. Kulijibu ni kujitangaza kwamba wewe ndiye ambaye hukuelewa. Tena linakuja mwishoni, watu wamekwisha kuanza kukusanya karatasi, na muuliza swali hungoja sekunde chache tu kabla ya kutangaza kwamba mmekubaliana. Angeuliza, "Niambieni ni wapi ratiba hii itakwama kwanza," kunyamaza ndiko kungeonekana ni kuzembea. Sisemi mkuu wenu alifanya makusudi. Viongozi wengi hurithi maneno hayo kwa wakuu waliowatangulia na hawajawahi kuyatafakari.

Sasa wale wenzako. Neno "unafiki" maana yake mtu ana sura mbili na anajua kuwa anazo, anazitumia kwa faida yake. Uliyoyaona koridoni ni kitu kingine. Koridoni kusema hakuna gharama: ukitoa neno, mwenzako anadakia "hata mimi", na wa tatu anaongeza la kwake. Kikaoni anayeanza anaanza gizani, hajui kama kuna atakayemfuata, na jina limekwisha kuandaliwa kwa ajili yake: kiherehere, mjuaji, mtu wa kimbelembele. Jina hilo ndilo watu wanaloliogopa, kuliko hata kufukuzwa kazi. Mwaka 2003 Frances Milliken, Elizabeth Morrison na Patricia Hewlin walichapisha matokeo ya mahojiano na wafanyakazi 40 wa Marekani. Asilimia 85 walikiri kwamba angalau mara moja walikuwa na jambo zito la kumwambia bosi wakashindwa, na hofu iliyotajwa zaidi ilikuwa kuonekana mtu mbaya, mleta matata, na kuharibu uhusiano na watu.

Umeniambia mkuu wenu si mkali. Hapo ndipo wengi hushangaa: kama hagombezi mtu, hofu hii imetoka wapi? Imekuja na watu wenyewe. James Detert na Amy Edmondson walionyesha mwaka 2011 kwamba wafanyakazi hubeba kichwani kanuni ambazo hazikuandikwa popote: bosi hakosolewi mbele za watu, usitaje tatizo kama huna dawa yake mkononi, usimruke mkubwa wako ukaenda kwa aliye juu yake, anayesema sana hapandi cheo. Nyingine tumezipata kwa mabosi wa zamani, nyingine tangu utotoni. Sisi tuliolelewa na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" tumeingia nayo ofisini tukiwa tumevaa suti. Mkuu mpya akija, hata awe mpole kiasi gani, anakuta kesi imekwisha kuamuliwa dhidi yake. Wenzako hawakuwa wakimwogopa yeye. Walikuwa wakiwaogopa wote waliomtangulia.

Tuje kwenye kikao cha pili, kile kilichokuumiza. Ulisema, wakainama. Naelewa kwa nini ulihisi umesalitiwa, maana madaftari yale yaliuma kuliko kama wangekupinga waziwazi. Ila zingatia kitu kimoja: kabla ya siku hiyo, ulimwambia hata mmoja wao kwamba utasema? Barua yako haionyeshi hivyo. Basi waliyoyasikia waliyasikia ghafla kama mkuu alivyoyasikia ghafla, na mtu akishtukizwa mbele ya mkubwa hufanya kile mwili ulichozoea, yaani huinama. Wanne waliokufuata baadaye hawakuwa wakikudanganya. Walikuwa wamechelewa.

Hapa nataka nikueleze majaribio ya Solomon Asch, maana ndani yake mna dawa ya tatizo lako, ingawa husimuliwa vibaya. Ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, Marekani. Kijana mmoja anawekwa chumbani na wenzake kadhaa, anaamini wote ni washiriki kama yeye, kumbe wengine wote wamepangwa. Kazi ni ya kitoto: kutaja mstari upi kati ya mitatu unalingana kwa urefu na mstari wa mfano. Akifanya peke yake hakosei kabisa, au karibu hakosei. Lakini katika raundi fulani wale waliopangwa wanataja jibu la uongo kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, hadi zamu inamfikia. Katika raundi hizo kama 37% ya majibu yalifuata kosa la kundi.

Ukiisikia habari hii kwa mara ya kwanza utaambiwa inathibitisha kwamba binadamu ni kondoo. Sikubaliani. Karibu theluthi mbili ya majibu yalikuwa sahihi, mbele ya chumba kizima kilichosema vingine, na kama robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja. Kinachonivutia mimi ni alichofanya Asch baadaye. Alimweka mtu mmoja tu, mmoja, wa kutaja jibu la kweli kabla ya zamu ya mshiriki, na makosa yakashuka hadi kati ya 5% na 6%. Wengi walibaki vilevile wengi, na shinikizo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mtu hakuwa tena peke yake. Ila alipompanga yule mwenzi wa kweli ageuke katikati na kujiunga na kundi, makosa yalipanda tena yakakaribia yale ya mwanzo. Na washiriki walipoandika majibu yao faraghani badala ya kuyataja, makosa yalipungua sana hata bila mwenzi.

Huyo mwenzi hahitaji kuwa mtu mzito. Mwaka 1971 Vernon Allen na John Levine walimtumia mtu aliyevaa miwani minene, ambaye mbele ya mshiriki alishindwa hata kipimo cha macho, kisha akawekwa kwenye kazi ya kutumia macho. Bado kuwepo kwake kulimsaidia mshiriki kushikilia jibu lake. Kwa hiyo usikae ukimngoja mzee wa idara au yule mwenye ulimi mwepesi. Hata yule kijana aliyeajiriwa juzi, akisema tu "na mimi nimeliona hilo", chumba kinabadilika.

Unaona basi swali la mkuu, "Hili ni lako au ni la wote?", liligonga wapi. Huenda aliuliza kwa nia njema kabisa, kwa kuwa kiongozi anahitaji kujua kama anasikia shida ya mtu au shida ya kazi. Lakini lilikutaka uwasemee watu ambao walikuwa wameinama mbele ya macho yake. Ungesema "ni la wote", ungewafichua bila ridhaa yao, na huenda wangekukana. Ungesema "ni langu", ungelipunguza. Kukwama kwako si ushahidi wa woga, maana mwoga asingefika mahali pa kuulizwa. Likija tena, jibu ninalolipendekeza ni hili: "Ni nililoliona mimi kwenye zamu yangu. Ingefaa kila mmoja aseme la zamu yake." Hujamsemea mtu, hujarudi nyuma, na umeufungua mlango bila kumsukuma yeyote apite.

Sasa la kufanya. Kunyamaza nakutaja kwanza kwa sababu watu hukidharau, hali mara nyingine ndiko busara. Kama jambo ni dogo, au mkuu anaondoka karibuni, au una mambo mazito nyumbani na huna nguvu za vita viwili, nyamaza na usijilaumu. Lakini ratiba inayomwacha mtu peke yake saa za msongamano siioni kuwa jambo dogo. Siku moja kitaharibika kitu na atakayebeba lawama ni yule aliyekuwa zamu, na anaweza kuwa wewe. Kisha kuna gharama isiyoonekana haraka. Malalamiko ya koridoni hupoza moyo kwa nusu saa, na kwa sababu yanaupoza, yanaondoa ile hamu ya kulitatua jambo. Nimeona idara zilizolalamikia kitu kimoja kwa miaka kwa ufasaha mkubwa ajabu, na mkubwa wao hajui mpaka leo.

Kusema tena peke yako, kikaoni, kwa namna ileile, sikushauri. Mkuu atakuwa amekwisha kukuweka kwenye fungu la "yule wa ratiba", na wenzako watainama kwa ustadi zaidi. Na usidhani kwamba sauti kubwa au ushahidi mwingi peke yake unatosha. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga cha Challenger walisema waziwazi, wakiwa na michoro mkononi, kwamba baridi ingeweza kudhoofisha pete za mpira zinazoziba maungio. Uongozi wa kampuni ukajadiliana kando, wakapiga kura mameneja peke yao, na kibali kikatolewa. Asubuhi yake chombo kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa wote 7. Wahandisi wale hawakukosa ujasiri. Kilichokosekana ni utaratibu uliowalazimu wenye uamuzi kuwahesabu. Ofisi yenu si kituo cha roketi, najua, lakini nimelileta hili ili usijilaumu kwamba ungesema vizuri zaidi ungesikilizwa.

Ninachokipendekeza kina hatua ndogondogo na hakihitaji ushujaa. Anza na wale wanne. Wafuate kama walivyokufuata wao, mmoja mmoja, wala usiwaite kwa pamoja, maana kikundi kinachokutana pembeni huanza kunuka njama hata kama hakina nia hiyo. Usiwaombe "waniunge mkono". Hilo ni ombi kubwa na watakwambia ndiyo kwa adabu, kisha wainame. Omba kitu kidogo kinachoonekana: "Kikao kijacho nitauliza kuhusu zile saa ambazo mtu anabaki peke yake. Nikimaliza, utasema ilikuwaje siku yako?" Sentensi moja, juu ya zamu yake mwenyewe, asiyohitaji kuitetea. Atakayekubali bila kujikunakuna kichwa, huyo ndiye mwenzi wako. Mmoja anatosha kuanza, wawili ni neema. Atakayesita mwache, na usimkumbushe pongezi zake, maana ukimwaibisha leo hatakuwa na njia ya kurudi upande wako kesho.

Kabla ya kikao, mwone mkuu peke yake. Wengi huiruka hatua hii wakidhani ni kujipendekeza. Mimi naiona ni heshima, na pia ni hesabu: mtu akiambiwa faraghani ana nafasi ya kubadili mawazo bila kuonekana ameshindwa. Usiende na neno "haitekelezeki", kwa sababu hilo ni hukumu na litamfanya ajitetee. Nenda na kilichotokea. Andika kwa wiki mbili: siku gani, saa ngapi, nani alibaki peke yake, nini kilichelewa au kilikosewa. Kisha mwambie, "Nimeifuata ratiba kama ulivyoelekeza. Haya ndiyo niliyoyakuta. Naomba tuyaweke kwenye ajenda, na ukiona inafaa kila mtu alete ya zamu yake kwa maandishi." Ombi la maandishi lina nguvu kuliko linavyoonekana. Kumbuka washiriki wa Asch walivyoandika. Watu tisa wakiandika kabla ya kusikiana, mkuu atapata mawazo tisa. Akiwauliza kwa mdomo, mkongwe akianza, atapata wazo moja lililorudiwa mara tisa.

Na hili la ajenda usilidharau. Jambo lililoingizwa kwenye "mengineyo" hufika watu wamechoka, saa imekwenda, mwenyekiti anatazama mlango. Likiwa namba mbili au tatu kwenye karatasi, halina tena jina la mtu. Ni ajenda ya kikao.

Inawezekana mkuu akakataa hata baada ya hayo yote. Inatokea, na wakati mwingine ana sababu usiyoijua, kama vile bajeti au amri kutoka juu. Muulize sababu hiyo na uombe tarehe ya kuipitia tena ratiba. Kwa mkuu wa aina uliyoniandikia, mwenye haraka lakini asiye mkali, nafasi ya kusikilizwa naiona nzuri. Angekuwa mtu wa kulipiza kisasi ningekupa ushauri mwingine: kwanza weka kumbukumbu zako, kisha pitia kwa chama cha wafanyakazi au ofisi inayoshughulikia utumishi, wala usiingie naye chumbani peke yako.

Barua isiyo na jina nimeiacha mwisho kwa sababu siipendi hapa, lakini haina maana kwamba siipendi popote. Kukiwa na wizi, unyanyasaji wa kingono, vitisho, au hatari kwa uhai wa watu, na njia za kawaida zimezibwa, taarifa ya siri ni halali na wakati mwingine ndiyo pekee. Kwa ratiba ya zamu, katika idara ya watu tisa, siri hiyo haitaishi siku mbili. Fikiria tu: wakubwa wanampigia mkuu wenu simu, anarudi idarani, anajiuliza nani. Ni mmoja tu aliyewahi kulisema jambo lile kikaoni. Barua utakuwa umeiacha bila jina, jina lako litajazwa na wengine, na hutapata hata nafasi ya kujieleza, kwa sababu rasmi hujasema kitu. Wenzako nao, wale waliokuwa wanakaribia kufungua mdomo, wataufunga tena.

Limebaki la moyo kwenda mbio na usingizi kupotea, nalo nalichukulia kwa uzito. Mwili wako umejifunza mara moja kwamba kile chumba ni mahali pa hatari, na sasa unakuandaa mapema: moyo unapiga, mikono inaloa jasho, usiku akili inarudia mkanda wa siku ile. Watu walio katika hali hiyo karibu wote huamini kwamba chumba kizima kinaona wanavyotetemeka. Hakioni, au kinaona kidogo mno kuliko unavyodhani. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich waliwapa wanafunzi hotuba za kutoa mbele ya watu. Waliokuwa wamedokezwa mapema kwamba woga wao hauonekani kama wanavyouhisi walizungumza vizuri zaidi, kwa macho yao wenyewe na kwa macho ya waliowatazama. Basi nami nakudokeza. Lingine la kusaidia ni kusema neno lolote jepesi katika dakika za kwanza za kikao, hata kama ni kuomba muhtasari wa kikao kilichopita usomwe tena kipengele fulani. Sauti iliyokwisha kutoka mara moja hutoka kirahisi zaidi mara ya pili. Na usikae nje ya kikao kwa visingizio. Kila ukikwepa utapata nafuu ya siku moja, na mwili utakuwa umethibitishiwa kwamba kweli pale pana hatari.

Hali hii kwa kawaida hupungua yenyewe vikao vichache vikipita salama. Isipopungua, mtafute mwanasaikolojia au mshauri nasaha uonane naye ana kwa ana. Dalili za kuangalia ni kama umekosa usingizi kwa zaidi ya wiki chache hata siku ambazo hakuna kikao. Kama hofu imeanza kuhamia kwingine, unaogopa kupokea simu, kula mbele ya watu au kuzungumza kwenye shughuli za kifamilia. Kama umeanza kutafuta kilevi au vidonge vya usingizi ili upite usiku. Au kama umeanza kuona maisha hayana maana, na hilo la mwisho usilingojee hata siku moja. Hofu ya kukaa mbele za watu ina tiba, na tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi fikra na mienendo ya mtu hatua kwa hatua imewasaidia wengi sana, mara nyingi bila dawa. Na moyo ukikuenda mbio ukiwa umekaa tu bila wazo lolote, au ukiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu, pita kwanza kwa daktari wa kawaida apime, kabla hatujausingizia mkutano.